Dirisha la akriliki kwenye boksi la sabufa limepasuka na linazomea. Nimekosea wapi?

Mtoto wa Mbagala:

Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaanza kunicheka.

Nina gari, Toyota IST, na nyuma nimefunga spika moja ya inchi 12 kwenye boksi nililotengeneza mwenyewe. Sikumpa fundi. Nililipiga gundi barazani kwa bibi huku majirani wakipita wanauliza jeneza ni la nani. Ni MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, ya milimita 18, vipimo vya nje upana sentimita 50, kimo 36, kina 32. Ni boksi la kufungwa kabisa, halina tundu la kupumulia. Ukitoa sumaku ya spika na vijiti nilivyoweka kwenye pembe, ndani inabaki hewa kama lita 40. Kwa miezi minne lilikuwa linapiga besi kavu, safi, ile inayokugonga mgongoni kabla haijafika masikioni.

Balaa lilianza siku nilipoona gari la jamaa mmoja kwenye harusi. Kafungua mlango wa nyuma, juu ya boksi kuna kioo cha plastiki, ndani taa za bluu, unaiona sumaku ya spika na waya zake zote. Usiku ule sikulala. Jumamosi nikachukua jiksoo, nikakata mfuniko wa juu tundu la sentimita 36 kwa 20. Nikaenda Kariakoo nikapata kipande cha akriliki cha milimita 4, ukubwa 40 kwa 24, kwa hiyo kinalalia mbao sentimita 2 kila upande. Nikakifunga kwa skrubu sita, zile nyeusi za dari la gipsamu: moja kila pembe, na mbili katikati ya pande ndefu. Nikazungushia silikoni, ile inayonuka siki. Nikangoja saa mbili, nikarudisha spika, nikawasha.

Nyimbo za kawaida hamna shida. Ikija besi ya chini kabisa linatoa *dzzzz*, kama nyuki kafungiwa kwenye kopo. Ukiweka mkono juu ya kioo linapungua, ukitoa linarudi. Halafu kuna mahali panapuliza, *fyuu fyuu*, kufuata mdundo. Na besi yenyewe imekuwa nyepesi. Inasikika, lakini haigongi tena.

Siku ya tisa niliegesha gari juani Kivukoni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kurudi, nakuta pembe mbili zimepasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu, kila ufa unalingana na kidole cha shahada. Silikoni upande mmoja imebanduka nzima nzima kama utepe. Nikafuta alama za vidole kwa spirit ili nione vizuri ufa unaishia wapi. Ndani ya dakika chache vikatokea vijiufa vingine vidogo kama nywele, vimezunguka kila skrubu.

Naomba msaada wa mambo matatu. Hiki kipande kinaweza kuokolewa kwa gundi? Nikinunua kingine, kiwe na unene gani? Na je, dirisha lenyewe ndilo linaua besi, yaani nichague moja, urembo au sauti?

Pwaguzi:

Mkuu, ulikuwa na boksi zima linalogonga vizuri, ukalitoboa ili uone ndani kuna nini. Ndani kuna hewa. Rudishia kipande cha MDF ulale.

Mzee Koili:

Pwaguzi, mwache kijana. Kutaka kuona ndani ndiko kulikotufanya wengine tuwe mafundi.

Mwanangu, mimi niko Tanga, nasuka koili za spika tangu enzi za kaseti. Nikujibu swali la tatu kwanza, maana hayo mengine yanatoka humo. Hulazimiki kuchagua. Wewe ulibomoa ukuta ukatundika pazia, sasa unashangaa pazia linapepea.

Chukua kalamu. Koni, ule uso wa spika unaocheza, ya inchi 12 ina eneo kama sentimita 500 za mraba. Ikisogea sentimita moja ndani, imesukuma hewa sentimita 500 za ujazo, yaani nusu lita. Boksi lako lina lita 40. Nusu lita kwa 40 ni asilimia 1.25. Hewa ikibanwa haraka namna hiyo hupata joto kidogo, kwa hiyo shinikizo linapanda zaidi ya hapo, zidisha kwa 1.4, unapata asilimia 1.75. Sasa hewa tunayokaa nayo hapa duniani inatukandamiza kwa kilo moja na ushee kila sentimita ya mraba. Asilimia 1.75 ya hiyo ni kama gramu 18. Unaona ndogo? Tundu lako ni 36 kwa 20, sentimita 720 za mraba. Zidisha. Ni kilo 13.

Kilo 13 zinakisukuma kile kioo nje, halafu zinakivuta ndani, na noti ya hezi 40 inafanya hivyo mara 40 kwa sekunde. Wewe umeshikilia kwa skrubu sita za gipsamu. Mimi nashangaa kimedumu siku tisa.

Unene sasa. Akriliki na MDF, kwa unene uleule, hazipishani sana kwa ukakamavu. Watu wanadhani akriliki ni laini kwa sababu wameizoea nyembamba. Lakini ukakamavu wa bamba hauendi kwa unene tu, unaenda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ya milimita 18 ukiigawa kwa 4 unapata nne na nusu, na nne na nusu mara nne na nusu mara nne na nusu ni 91. Yaani pale juu umeweka kitu kinachopinda mara tisini kuliko kile ulichokitoa. Besi yako haijapotea, inatumika kuchezesha kioo. Nguvu iliyotakiwa ije mgongoni kwako inaishia kukipindisha kile kibamba.

Chukua ya milimita 10. Kwa hesabu ileile itakuwa ngumu kuliko ya 4 mara 15 na ushee. Bado inapitwa na MDF kama mara sita, lakini hapo ndipo ubavu unapoingia. Kata kipande cha MDF, kipitishe chini ya dirisha katikati, kikitoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, kilichosimama kama ubavu wa mtumbwi, uso wake wa juu uwe sawa kabisa na mfuniko. Ukubwa mmoja wa 36 kwa 20 unakuwa viwili vya 17 kwa 20, na kupinda kunashuka tena karibu mara tatu. Watu wengi wanaweka ubavu halafu wanaacha kioo kiulalie tu. Hiyo ni nusu kazi, kwa sababu ubavu unazuia kioo kuingia ndani, hauzuii kutoka nje. Ufunge na kioo kwa skrubu mbili. Hutapenda kuuona, najua. Upake rangi nyeusi isiyong'aa, taa zikiwaka macho hayatauona.

Nikutahadharishe na kitu kimoja kabla mtu hajakushauri. Usiweke kioo chenyewe cha dirisha la nyumba. Miaka hiyo nilikuwa naambatana na muziki wa harusi, nikaweka kioo cha kawaida kwenye kabati la spika za inchi 15, nikajiona msomi. Ngoma ya tatu, kikashuka chote. Bahati kilishukia ndani. Vipande vilichana koni mbili, na bwana harusi akacheza kwa spika za upande mmoja hadi alfajiri. Kioo ni kigumu kweli, kuliko akriliki mara nyingi tu, ila kikichoka hakitoi taarifa, na wewe nyuma ya kiti chako unabeba watu.

Sasa silikoni. Ile harufu ya siki *ni* siki, ile asidi yenyewe, inatoka wakati silikoni inakauka. Ulipofunga spika baada ya saa mbili ulifungia mvuke wa siki ndani ya boksi pamoja na shaba. Nimefungua spika nyingi ambazo vituo vyake vya kuungia waya vimeota kijani kwa sababu hiyo. Fungua yako uiangalie. Na kwa akriliki silikoni ya kawaida haishiki sana, umeona ilivyobanduka. Achana nayo. Weka sponji ya kubandika, ile ya milango isipitishe vumbi, upana milimita 10 au 12, aina ambayo ukiibana puani hewa haipiti. Izungushe mstari mmoja tu, na maungio yasije kwenye pembe, yaje katikati ya upande mrefu.

Skrubu za gipsamu zina kichwa cha kabari. Kila unapoikaza, kabari inaingia kwenye tundu na kulipanua, na akriliki haitanuki, inapasuka. Tumia bolti za milimita 5 zenye kichwa bapa upande wa chini, si cha kabari, na washa pana chini yake. Upande wa chini wa mbao gongea zile nati za makucha, kwa sababu MDF ukiifungua na kuifunga mara tatu, uzi wake unageuka unga. Weka bolti kila sentimita 6. Kioo kikiwa 42 kwa 26, nakushauri kiwe hivyo ili kilalie mbao sentimita 3, mzunguko ni sentimita 136, utahitaji kama 22. Juu ya kioo zungusha ubapa wa aluminiamu kama fremu ya picha, mafundi wa mtaa wa Gerezani hapo Dar watakukatia, ili kubana kusambae badala ya kukaa kwenye vichwa vya bolti tu. Kaza kwa bisibisi ya mkono, kwa kupishana kama nati za tairi, hadi sponji ifike nusu ya unene wake. Ikifika hapo, acha. Drili usiiguse.

Kwa nini jua lilikimaliza, hilo nalo ni hesabu fupi. Akriliki inarefuka kwa joto karibu mara kumi ya MDF. Kipande cha sentimita 42, gari likitoka nyuzi 30 hadi 65 pale Kivukoni, kinaongezeka milimita moja kamili. Mbao haiongezeki kwa kiasi hicho. Kama tundu linalingana na skrubu, hiyo milimita itakwenda wapi? Kwa bolti ya 5 toboa tundu la 7. Kioo kielee kidogo chini ya washa.

Ukimaliza fanya majaribio mawili. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande mbili sawa, ishikilie sekunde chache, halafu iachie. Boksi lililoziba vizuri koni inarudi polepole, kama mlango wa benki. Inayorudi *tap* kuna mahali inapumua. La pili, washa kijiti cha udi, piga noti ya chini ya hezi 30 kwa sauti ya wastani, pitisha moshi kwenye ukingo wote. Pale panapovuja moshi unaanza kucheza ngoma. Udi upitishe mbali na sponji, usije ukaniletea swali lingine.

Kwamba umeongeza ujazo kwa kutoa kile kipande cha mbao, ni lita moja na robo tu. Ubavu utarudisha sehemu yake. Usihangaike nayo.

Mtoto wa Mbagala:

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Nimefungua spika, na kweli, kituo kimoja kina kijani kwa mbali, nimekisugua na msasa.

Swali dogo. Nimejaribu kutoboa tundu la 7 kwenye kile kipande cha zamani kwa biti ya chuma. Imeingia vizuri, ilipokaribia kutokea upande wa pili ikashika, *kraa*, imeng'oa kipande kama ganda la kucha. Kama ni hivi, kwenye cha milimita 10 nina matundu 24, ukijumlisha mawili ya ubavu.

Dada Mabango:

Kaka, hapo umeingia kwenye kazi yangu. Nakata akriliki kila siku, herufi za maduka, vibao vya milangoni, makasha ya keki. Spika sizijui ila hiki kitu nakijua.

Biti ya chuma ina ncha kali iliyotegwa ili ichimbe. Kwenye akriliki inachimba zaidi ya unavyotaka, na ikitokea chini inajivuta yenyewe kama skrubu. Hapo ndipo inapong'oa. Chukua jiwe la kunolea, zile kingo mbili za mbele zisugue kidogo tu ziwe na ubapa mwembamba kama uzi. Unaifanya butu kwa makusudi, ili ikwangue badala ya kuchimba. Weka mbao chini ya akriliki na uzibane pamoja, hapa katikati pasibaki hata upepo. Mwendo wa drili uwe wa chini. Anza na biti ya 3, halafu 5, halafu 7. Tone la maji ya sabuni kwenye tundu. Ukiona inatoa utepe mrefu uliojisokota kama nywele za mwanasesere, uko sawa. Ikitoa unga unagandamiza kidogo mno. Ikianza kunata na kunuka, inayeyuka, toa biti ipoe. Usiwe na haraka pale mwisho, milimita mbili za mwisho punguza mkono kabisa.

Karatasi ya juu usiibandue hadi siku ya kufunga. Chora vipimo juu yake, toboa nayo ikiwa juu. Lakini pia usikiache kipande juani na karatasi yake, itaganda na utaikwangua kwa kucha wiki nzima.

Ukienda kununua, waambie unataka ile ya kumwagwa kwenye kalibu, si ile iliyosukumwa na mashine. Dukani ukisema Perspex nayo wanakuelewa, wengi wanaiita hivyo akriliki ya kampuni yoyote. Ya kumwagwa haiyeyuki ovyo kwenye biti na haipasuki kirahisi. Mara nyingi, si siku zote, ile ya kumwagwa inakuja na karatasi na ile nyingine na nailoni. Na tafadhali omba mabaki. Kipande cha 42 kwa 26 cha milimita 10 kipo chini ya meza ya kila mtu anayefanya kazi kama yangu, watu tunakanyagana navyo. Hakuna haja ya kununua bamba zima.

Wakikukatia kwa leza ukingo unatoka unang'aa vizuri, ila ukingo huo una msongo ndani yake. Ukiugusa na spirit tu unatoa zile nywele ulizoziona. Hiyo ndiyo iliyokupata kwenye skrubu: kipande kilikuwa kimebanwa, kimejikaza, ukakipaka spirit, kikaachia. Spirit, petroli, thina, dawa za kusafishia vioo zenye amonia, vyote viweke mbali. Maji na sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa cha fulana kuukuu, basi.

Gundi ya kuokoa ile nyufa, mimi nina klorofomu ya kuungia, inayeyusha akriliki kwa akriliki zikawa kitu kimoja. Ingeunga, lakini pale pale pangepasuka tena, na ule moshi wake si wa kuvuta ndani ya chumba. Kipande hicho kifanye kielelezo cha kuchorea matundu ya kipya.

Kingo kama unataka zing'ae: msasa wa 400, halafu 800, halafu 1200 kwa maji, umalizie na ile dawa ya kusugulia rangi ya magari. Ni kama dakika arobaini kwa pande nne ukiwa na redio.

Konda Mstaafu:

Boss, salamu kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa konda wa nganya, zile matatu za madoido na muziki, laini ya Rongai, na hizo madirisha ya sub tumeweka mpaka tukachoka. Tulijaribu polikaboneti, plastiki ingine ya kuonea, kwa sababu haivunjiki, hata ukiigonga na nyundo inakuangalia tu. Lakini inapinda kuliko akriliki, na kuchubuka ni haraka sana. Vumbi ya Rongai unaijua? Tulikuwa tunapangusa kavu kila asubuhi, mwezi mmoja ikakuwa kama kioo ya bafu. Kaa na akriliki, na kabla upanguse, mwagia maji kwanza itoe mchanga.

Mambo ya taa. Ile gundi ya nyuma ya mkanda wa LED haishindi joto na mtetemo. Wiki mbili mkanda unaanguka juu ya koni halafu unasikia *trrrr*, unadhani spika imeungua. Funga kwa vishikizo vya skrubu kila baada ya sentimita 10. Na waya usiguse kioo mahali popote, hata ikigusa kidogo tu utasikia nyuki yako tena na utafungua boksi yote bure.

Pia usichukue moto wa taa kutoka ile waya nyembamba ya rimoti inayowasha ampu. Hiyo imepewa moto kidogo sana, ni ya kuamsha tu. Unaunguza redio. Weka rilei, ile swichi inayoamshwa na umeme, weka fyuzi ndogo kwa laini ya taa, umemaliza. Na tundu ya kuingizia waya uizibe, hiyo watu husahau.

Pwaguzi:

Nimekaa kimya nasoma. Nakiri kwamba sasa na mimi nataka dirisha.

Mtoto wa Mbagala:

Wakuu, ni wiki tatu, nimerudi.

Akriliki nimepata ya milimita 10 kwa mtengeneza mabango, mabaki kweli, ilikuwa imeegemezwa nyuma ya mlango imejaa vumbi. Nimelipa bei ya kunywa soda na rafiki. Ilikuwa na karatasi. Matundu 24 nimetoboa kwa siku mbili, jioni jioni. La kwanza nilitoboa jasho linanitoka, la kumi na tano nilikuwa naimba. Ule utepe unaojisokota ni kweli kabisa, Dada, nimeuweka kwenye kopo mpwa wangu anauchezea. Limepasuka tundu moja tu, la ishirini, nilipopokea simu huku naendelea kutoboa. Ni kijiganda kidogo, kimejificha chini ya aluminiamu.

Ubavu umekaa. Kuusawazisha na mfuniko ndiko kulikonitesa kuliko yote, nimekwangua na msasa, nikaweka rula juu, nikakwangua tena, nusu siku imekwisha. Nikaupaka nyeusi pamoja na ndani kote. Karibu kote, nitaeleza.

Nikafunga bolti zote kwa mkono, nikabonyeza koni. Ikarudi *tap*. Mzee, moyo ulinidondoka. Nikawasha udi wa bibi, nikapiga noti ya 30, nikazunguka dirisha lote mara mbili. Moshi umetulia, unapanda wima kama hauoni kitu. Nimekaa chini nimeshika udi sijui nifanye nini, mkono ukashuka wenyewe hadi nyuma ya boksi, na pale kwenye tundu la waya za spika moshi ukaruka kama umepigwa kofi. Tundu la milimita 12 lenye waya mbili za milimita 4. Limekuwa hivyo tangu boksi linazaliwa. Kwa maana hiyo ile *fyuu fyuu* huenda ilikuwepo miezi yote minne, nilianza kuisikia tu nilipoanza kusikiliza. Nimeziba kwa kikazio cha raba na puti. Koni sasa inarudi ule mwendo wa mlango wa benki.

Sauti imerudi. Niseme ukweli, sioni tofauti na ilivyokuwa kabla ya dirisha, labda iko safi zaidi kwa ajili ya lile tundu. Ukiweka kiganja juu ya kioo kwenye besi ya chini unahisi kama paka anakoroma, basi. Nimeiegesha juani Kivukoni makusudi siku mbili, muda uleule, pembe zote nzima.

Kuna mawili sikuyategemea. La kwanza ni bibi. Nimemwita jioni aone, nimefungua mlango wa nyuma, taa zimewaka bluu, ngoma inapiga. Ameinama akachungulia muda mrefu, akaniuliza, "Kelele zote hizi, na ndani hamna kitu?"

La pili ni kwamba dirisha linaonyesha kila kitu. Michirizi ya gundi iliyokauka kama kamasi kwenye kila ungio. Na kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo brashi haikufika kwa sababu ya ubavu, kuna penseli yangu ya siku ya kwanza kabisa, herufi kubwa: "34 AU 36??" Imekatwa, chini yake "36", imekatwa, chini yake "36 tena". Inasomeka ukiwa umesimama mita mbili. Kuipaka rangi ni lazima nifungue bolti zote 24.

Mzee Koili:

Marahaba. Baada ya wiki mbili zikaze kidogo tena, kwa mkono, sponji itakuwa imeshalala. Ukiwa unafungua kwa ajili ya kitu kingine, kwangua gundi.

Penseli iache.